Barua ya Kubadili Tahasusi

Barua ile niliiandika mimi, kwa mkono wangu, juu ya meza ya chakula katika nyumba ya walimu, mdogo wangu wa kike akiwa amesimama nyuma yangu anamenya chungwa. Ilikuwa na aya mbili. Ya kwanza iliomba kwamba mwanafunzi aliyetajwa, wa kidato cha tano, aruhusiwe kuhama kutoka tahasusi ya Fizikia, Kemia na Biolojia kwenda tahasusi ya Kemia, Biolojia na Jiografia. Ya pili ilieleza kwamba mzazi ameridhia. Mzazi ni mama yetu, naye siku hiyo alikuwa kijijini Pande, hana habari kwamba kuna barua. Nilitia sahihi mimi kama mlezi. Na kwa kuwa nilikuwa pia mwalimu wa shule hiyohiyo, tena niliyekabidhiwa dawati la ushauri wa wanafunzi, kesho yake niliipokea barua yangu mwenyewe, nikaandika pembeni kwamba ombi lina sababu za msingi, nikaipeleka kwa mwalimu wa taaluma.

Mwalimu wa taaluma alikuwa mtu mzima, mtaratibu, wa kusoma kila karatasi mara mbili. Aliniuliza kama nimefikiri vizuri. Nilimjibu kwamba nimefikiri kuliko mtu mwingine yeyote angeweza kufikiri, kwa sababu huyu si mwanafunzi wangu tu, ni ndugu yangu wa tumbo moja. Akanitazama kidogo, kisha akagonga muhuri.

Mama yetu ni mhudumu katika zahanati ya kijiji. Anafagia, anachemsha vifaa, anapanga kadi za kliniki, na siku za kupima watoto uzito yeye ndiye anayewaning'iniza kwenye mizani. Mdogo wangu alikulia pale. Kila alipotoka shule ya msingi alipitia zahanati moja kwa moja, akaketi kwenye benchi la wagonjwa na kuwasomea wanawake kadi za watoto wao, huyu ameongezeka, huyu amebaki palepale. Wanawake wakamzoea hivyo. Wakawa wanamwita dokta, kwanza kwa utani, halafu utani ukaisha na jina likabaki. Mimi nilikuwa mkubwa kwake kwa miaka mingi na nilikuwa shuleni mbali, lakini kila niliporudi likizo nilikuta jina hilo limekomaa zaidi. Alipomaliza kidato cha nne alifaulu masomo yote ya sayansi, akachaguliwa kujiunga na kidato cha tano katika shule ninayofundisha, wilayani humuhumu Kilwa, na tahasusi aliyopangiwa ilikuwa ileile aliyoiomba. Tuliona kama neema iliyotengenezwa kwa ajili yetu.

Kasoro ilikuwa moja. Shule yetu haikuwa na mwalimu wa Fizikia wa kudumu. Wa kwanza aliomba uhamisho kwenda mkoa aliko mkewe. Wa pili, kijana wa kujitolea, alikaa muhula mmoja, kisha akapata kazi kwenye mitambo ya gesi kule Songo Songo, na sidhani kama kuna aliyeweza kumlaumu. Baada ya hapo wanafunzi wakawa wanajifundisha wenyewe, kwa picha za madaftari ya wanafunzi wa shule nyingine, huku vyombo vya maabara vikikaa kabatini na vumbi lake.

Mdogo wangu alikuja nyumbani kwangu kila Jumamosi baada ya usafi. Aliniambia kwamba yeye na msichana mmoja kutoka Rutamba, anayelala naye kitanda kimoja cha juu na chini, wamegawana mada za Fizikia. Kila mmoja anasoma zake, halafu jioni anamfundisha mwenzake. Alisema wataweza. Nami nilikuwa nimeona matokeo ya majaribio yao, na sikuamini kabisa kwamba wataweza.

Hapo ndipo nilipoanza kumshauri. Nilimwambia kwamba chuo kikuu kinataka ufaulu wa juu, na kwamba mtu hawezi kupata ufaulu wa juu katika somo lisilo na mwalimu. Nikamwambia kwamba kwa Jiografia atapata daraja la kwanza, na mwenye daraja la kwanza hakosi nafasi. Niliyasema haya kwa yakini kabisa. Mimi mwenyewe niliingia chuo kikuu kwa masomo ya Historia na Jiografia kusomea ualimu, na siku ile ya kuomba nafasi walitazama kama nina ufaulu mkuu katika masomo mawili ya kufundishia, basi. Hawakuniuliza la tatu. Nikabaki na imani kwamba chuo kikuu kinauliza umefaulu kiasi gani, wala hakiulizi umefaulu nini. Katika ofisi ya walimu kulikuwa na nakala ya mwongozo wa udahili, kitabu kinene kinachoeleza sifa za kujiunga na kila programu ya kila chuo. Kilikuwa juu ya kabati. Nilikuwa mwalimu wa ushauri kwa mwaka mzima na sikuwahi kukishusha.

Na kuna jambo jingine ambalo ni lazima niliseme, ingawa linanichoma kuliko hilo la kitabu. Mwalimu wa Jiografia wa kidato cha tano na cha sita nilikuwa mimi. Nilitaka nimfundishe mdogo wangu.

Nilimfundisha. Sijawahi kupata mwanafunzi kama yeye, na hilo nalisema kama mwalimu. Alichora ramani kwa mkono uliotulia. Insha yake kuhusu bahari inavyoimega pwani ya kwetu niliisoma mbele ya darasa zima, naye akainamisha kichwa kwenye daftari mpaka nilipomaliza. Katika ripoti zake za muhula niliandika maneno ambayo walimu huyaandika mara chache. Alipofika kidato cha sita alipunguza kuja nyumbani kwangu siku za Jumamosi. Niliona ni masomo yamemzidi, nikafurahi kwamba anajituma.

Matokeo yalipotoka alikuwa na daraja la kwanza. Alama yake ya juu kuliko zote ilikuwa ya Jiografia.

Mama alikuwa ameweka nadhiri. Siku mtoto alipochaguliwa kuingia kidato cha tano, mama alisema mbele ya wanawake wa zahanati kwamba Mwenyezi Mungu akimjalia mwanawe kufaulu, atawalisha watoto wa madrasa na kusomesha dua. Kwa hiyo Ijumaa iliyofuata tulikuwa Pande sote watatu. Wali ulipikwa uani kwenye masufuria ya kuazima, watoto wa madrasa wakaja na kofia zao, na wanawake wakakaa mikekani upande wa jikoni wakimzunguka mdogo wangu.

Jirani yetu mmoja, bibi mwenye goti bovu la miaka mingi, alinyoosha mguu katikati ya watu.

"Dokta, goti ndilo hili. Vidonge vyao nimevikataa, nakusubiri wewe."

Mdogo wangu akamwambia, "Bibi, hiyo ni miaka mitano."

"Basi nitalifunga kanga mpaka urudi. Goti langu lina subira kuliko mama yako."

Wakacheka. Mwingine akamuusia asije akarudi na miwani akajifanya hawajui watu, akaanza kuwaita kwa namba. Mama alikuwa akipita na sinia, akawaambia kwa Kimatumbi wamwache mtoto ale, lakini nilimwona alivyokuwa anatembea. Sijawahi kumwona mama akitembea vile.

Ustadhi alipoomba dua alimtaja mwanetu anayekwenda kusomea udaktari, Mwenyezi Mungu amfungulie. Tukaitikia amina. Mdogo wangu aliitikia pia, ila macho yalikuwa chini, na hakuyainua hata dua ilipokwisha na watu wakaanza kumshika mkono. Nilidhani ni haya ya msichana anayesifiwa mbele ya watu.

Jumatatu tulirudi shuleni, na alasiri tukakaa wawili katika ofisi ya walimu kuomba nafasi. Mtandao ulikuwa mzuri siku hiyo. Tulijisajili kwa namba yangu ya simu, kwa kuwa ya kwake huko Pande hukosa mawimbi siku nzima. Mfumo ukauliza namba ya mtihani wa kidato cha nne, ukauliza ya kidato cha sita, ukafikiri kidogo, kisha ukaleta orodha ya programu anazostahili kuziomba. Ilikuwa orodha ndefu. Nilianza kuishusha kwa kidole nikitafuta udaktari. Nikafika mwisho. Nikarudi juu nikaanza upya, polepole. Nikasema labda wameuweka kwa jina jingine. Nikatafuta ufamasia, haukuwamo. Nikatafuta uuguzi. Nikajaribu chuo kingine, na kingine, nikiandika zile namba upya kila mara na kuzikagua tarakimu kwa tarakimu kana kwamba kosa liko kwenye namba.

Mdogo wangu alikuwa amekaa kando yangu, mikono imewekwa mapajani.

Nikapanda juu ya kiti nikakishusha kile kitabu. Nilikifungua kwenye vyuo vya afya, nikasoma safu ya sifa za kujiunga. Kwa udaktari wa binadamu ilitaka ufaulu mkuu katika Fizikia, Kemia na Biolojia. Nikasoma chuo kilichofuata. Fizikia, Kemia na Biolojia. Nikaendelea kufunua kurasa hata baada ya kuelewa, kwa sababu nilijua kwamba nikiacha itanibidi nimtazame.

Nilipoacha nilimwambia kwamba sikujua. Alijibu kwa upole, na ule upole ndio nisioweza kuusahau.

"Mimi nilijua, dada."

Nikamuuliza tangu lini.

"Mwanzo wa kidato cha sita. Yule wa Rutamba aliniambia, kaka yake yuko chuo. Nikasema dada yangu ni mwalimu wa ushauri, hawezi kukosa kujua. Nikasema lazima kuna njia nyingine anayoijua yeye."

Mwaka mzima alikuwa amelala na habari hiyo. Alikuwa amekaa katika darasa langu, amechora ramani zangu, amefanya mtihani wangu na kuufaulu kuliko wote, akingoja nimwonyeshe njia ambayo haikuwepo. Na hakuniuliza, kwa sababu kuniuliza kungekuwa kunitilia shaka, nasi hatukulelewa kuwatilia shaka wakubwa wetu. Hata angeniuliza siku hiyohiyo aliyoambiwa, tungekuwa tumechelewa. Lakini angalau asingekuwa peke yake.

Msichana wa Rutamba aliyebaki na Fizikia alipata alama za chini kuliko za mdogo wangu katika Kemia na katika Biolojia. Fizikia aliipita kwa shida. Alipata nafasi ya shahada ya uuguzi.

Kumwambia mama nilikwenda mwenyewe. Nilimkuta nyuma ya zahanati akianika vitambaa vya kusafishia, nikamwamkia, akaitikia, nikaanza kueleza nikiwa bado nimesimama. Nilieleza kama mwalimu, kwa mpangilio, tahasusi ni nini, sifa za kujiunga ni nini, kwa nini daraja la kwanza la tahasusi moja halifungui kile kinachofunguliwa na daraja la pili la tahasusi nyingine. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akiendelea kuanika. Kisha akauliza jambo moja tu.

"Nani alimwambia abadili?"

"Mimi, mama."

Alinyoosha kitambaa kimoja, akakibana vizuri kwenye kamba. Akasema, "Nadhiri nimekwisha kuitoa. Siwezi kurudi kwa Mungu nikamwambia tulikosea somo."

Hakunikasirikia. Ningependa angenikasirikia. Aliniuliza kama nimekula.

Habari zilienea kijijini kama zinavyoenea. Wengi walihuzunika kweli. Wachache walipata la kusema. Kijana mmoja dukani aliuliza kama dokta wa ramani sasa atatibu milima au mito, na watu waliokuwa pale wakacheka kidogo kisha wakanyamaza waliponiona. Bibi wa goti alikwenda zahanati akapokea vidonge vyake.

Tabibu wa zahanati ndiye aliyenipa tumaini, na nadhani sikupaswa kulipokea kwa pupa ile. Aliniita chumbani kwake akaniambia kwamba njia haijakatika. Mwenye ufaulu wa sayansi wa kidato cha nne kama wa mdogo wangu, ikiwemo Fizikia, anaweza kusomea stashahada ya utabibu. Ni miaka mitatu. Akimaliza kwa ufaulu mzuri anaomba udaktari chuo kikuu kwa sifa linganishi, yaani stashahada badala ya kidato cha sita, na wapo waliofanya hivyo. Yeye mwenyewe alisomea stashahada hiyohiyo. Nilimuuliza kila kitu. Safari hii niliandika, safari hii nilikwenda kukisoma kitabu chenyewe, nikakuta ni kweli. Mwalimu wa taaluma akaniongezea njia ya pili, kufanya mtihani wa Fizikia wa kidato cha sita kama mtahiniwa wa kujitegemea, ingawa yeye mwenyewe hakuipendekeza.

Nilikwenda kwa mdogo wangu na karatasi iliyoandikwa pande zote mbili. Tuliketi barazani nyumbani Pande. Nilimweleza miaka, vyuo, ufaulu unaotakiwa, lini dirisha la maombi linafunguliwa. Nilimwambia kwamba atakuwa daktari, itachukua muda zaidi, lakini atakuwa. Nilikuwa nimeshika mkono wake. Alinisikiliza kama mama alivyonisikiliza, mpaka mwisho, na nilipomaliza aliutoa mkono wake taratibu.

"Dada, kidato cha tano uliniambia hivyohivyo. Kwa sauti hiyohiyo."

Nikamwambia kwamba safari hii nimesoma, nimehakikisha, na kwamba amuulize tabibu. Akasema anaamini nimesoma. Akasema si kwamba anaona ni uongo. Ila amechoka kuambiwa ngoja, itafunguka. Amengoja mwaka mzima akijua, na hawezi tena kuanza miaka mitatu ya kungojea mlango ambao mtu mwingine amemwambia upo. Akataka nifungue ile orodha ndefu.

"Niandikie chuo ulichosoma wewe. Ualimu. Jiografia na Biolojia."

Sikujua kama ni adhabu au ni uamuzi. Mpaka leo sijui, na nimekoma kumuuliza. Nilimwambia afikiri hadi kesho. Kesho yake alisema vilevile. Nikaandika chaguo hilo la kwanza, na la pili la chuo kingine kwa masomo hayohayo, maana mfumo unataka zaidi ya moja.

Nimekishusha kile kitabu kabatini na sasa kinakaa mezani kwangu. Mwanafunzi wa kidato cha tano akija na barua ya kubadili tahasusi, namfungulia ukurasa wa kile anachokitaka, yeye anasoma kwa sauti na mimi nanyamaza. Wanafunzi wananiona mkali. Wengine wanaondoka na barua zao bila sahihi yangu, na mmoja alilia. Haya yananisaidia kufanya kazi. Hayamsaidii mdogo wangu kwa lolote.

Majibu ya udahili yalikuja kwenye simu yangu nikiwa darasani. Alichaguliwa na vyuo vyote viwili, na ujumbe wa pili ulileta namba ya uthibitisho ambayo mwombaji anapaswa kuiingiza katika mfumo ili kuchagua kimoja kabla ya tarehe ya mwisho. Asipoiingiza, nafasi inapotea. Nilitoka nje ya darasa. Nilikaa kwenye ngazi za maabara nikiitazama ile namba, na kwa muda, sijui mrefu kiasi gani, nilifikiri jambo ambalo naona aibu kuliandika. Nilifikiri nisimwambie. Tarehe ipite. Akasirike, akae mwaka mmoja nyumbani, kisha hasira ikipoa akubali stashahada. Nilikuwa na hakika kwamba ingekuwa kwa faida yake. Nilikuwa na hakika ileile.

Nikampigia. Alikuwa amepanda kwenye kilima cha shule ya msingi, ndipo mawimbi yanapopatikana. Nilimwambia amechaguliwa kotekote. Akasema, sawa. Nikamwambia kuna namba ya kuthibitisha. Akasema ana kalamu. Nikakaa kimya, na yeye akasikia ule ukimya.

"Kuna unachotaka kusema, dada?"

Nikamwambia hakuna. Nikamsomea tarakimu moja moja, naye akawa anazirudia nyuma yangu, na nilipofika mwisho nikamsomea zote tena ili asikosee. Aliniambia atathibitisha jioni hiyohiyo, kwa simu ya tabibu, chuo kile nilichosoma mimi. Halafu akaniuliza kama mabweni ya wasichana yako mbali na madarasa, na kama mtu anaenda na ndoo yake au anaikuta hukohuko. Nilimjibu. Nilimweleza bweni lipi lina maji, foleni ya usajili inaanzia wapi, ofisi gani inafungwa mapema siku ya Ijumaa, na somo gani la mwaka wa kwanza asilikosee. Aliandika yote. Kila nilichomwambia kilikuwa sahihi.